Krugerrand ya mwaka 1981 katika mirathi: kwa nini sarafu ya dhahabu haina thamani iliyoandikwa?

Binti wa Pangani (mleta mada)

Wanajamvi, asalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alikwenda Durban mwaka 1995, akafanya kazi ya mizigo bandarini hadi alipostaafu na kurejea Tanga. Tulipofungua sanduku lake la bati ili tujue alichoacha, tulikuta chini kabisa, baada ya hati ya kiwanja na pasipoti mbili za zamani, kipande cha kanga kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo hilo mlikuwa na sarafu moja nzito. Mama aliitambua mara moja, kwa kuwa marehemu alipata kumwonyesha na kumwambia kwamba hiyo ndiyo akiba yake ya uzeeni.

Nimeiweka mbele yangu ninapoandika. Rangi yake si ya manjano kama bangili zetu, bali inaelekea wekundu. Upande mmoja yupo mzee mwenye ndevu za kidevuni, anatazama kushoto, na kumzunguka kuna maneno SUID-AFRIKA na SOUTH AFRICA. Upande wa pili yupo swala anayetembea, na mwaka 1981 umegawanywa, tarakimu mbili nyuma yake na mbili mbele yake. Juu pameandikwa KRUGERRAND, na chini FYNGOUD 1 OZ FINE GOLD. Hakuna popote palipoandikwa ni randi ngapi.

Warithi ni wanne, na shehe anayetusaidia kugawa anataka kila kitu kiwe na thamani inayojulikana kabla hajaanza hesabu. Tulipoipeleka kwa sonara mmoja, alisema kwamba ni karati 22, kwa hiyo dhahabu iliyomo haifiki ile OZ 1, yaani wakia moja, na akakata sehemu moja ya kumi na mbili kutoka kwenye bei. Mzee mwingine wa mtaani akatuonya kwamba hiyo ni fedha ya Makaburu, iliyopigwa marufuku duniani, na kwamba tunaweza kuingia matatani tukijaribu kuiuza. Sasa tumebaki njia panda. Naomba wenye elimu mnieleze: sarafu isiyo na thamani iliyoandikwa ni fedha kweli au ni pambo? Je, hesabu ya sonara ni sahihi? Na habari ya marufuku ina ukweli kiasi gani?

Natanguliza shukrani.

---

Sonara wa Mji wa Kale

Ndugu mleta mada, poleni kwa msiba, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Mimi ni sonara hapa Mombasa, kazi niliyoirithi kwa baba, na sarafu ya aina hiyo imepita mikononi mwangu mara kadhaa. Nitaanza na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo mnapoweza kupoteza haki yenu.

Hesabu mliyopewa si sahihi. Ni kweli kwamba Krugerrand ni ya karati 22, maana yake katika kila sehemu 24 za madini yake, 22 ni dhahabu na 2 ni shaba. Lakini waliotengeneza sarafu hiyo waliliona jambo hilo tangu mwanzo, wakaifanya iwe nzito kuliko wakia moja ili dhahabu iliyo ndani yake itimie wakia kamili. Uzito wake wote ni gramu 33.93. Chukua uzito huo, uzidishe kwa 22, kisha ugawe kwa 24, utapata gramu 31.10, na hiyo ndiyo wakia moja ya dhahabu. Maneno FYNGOUD 1 OZ FINE GOLD, ambayo yamerudia jambo lilelile kwa Kiafrikana na kwa Kiingereza, yanahesabu dhahabu safi peke yake, wala hayahesabu shaba. Mtu anayesoma "wakia moja" pale chini, kisha akakata tena kwa sababu ya karati 22, anakata kitu ambacho kilikwisha kukatwa kiwandani.

Lipo pia kosa la pili, nalo nimeliona kwa watu waaminifu kabisa, la kuchanganya wakia ya dhahabu na wakia ya kawaida ya kupimia vyakula. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, na ile ya kawaida ni gramu 28.35. Mkipimiwa kwa ile ndogo mtapoteza karibu gramu tatu za dhahabu safi, na gramu tatu ni pete ya binti.

Njia ya haki ni kutazama bei ya dunia ya wakia moja siku ile mnayouza, kwa maana ndiyo thamani ya sarafu yenu bila kuzidisha wala kugawanya, kisha mkubaliane na mnunuzi atapunguza kiasi gani kwa ajili ya kazi na faida yake. Sonara lazima ale, sikatai, lakini makato yake ayataje kwa jina lake, asiyafiche ndani ya karati.

Kuhusu rangi, wekundu huo ni wa shaba. Bangili za karati 22 tunazovaa huku pwani mara nyingi huchanganywa na madini ya fedha pia, ndiyo sababu hubaki na manjano. Krugerrand haina madini hayo ndani yake, ni dhahabu na shaba tu. Shaba hiyo huifanya iwe ngumu, isichubuke upesi inapogusana na sarafu nyingine. Dhahabu tupu ni laini mno. Nimewahi kushika sarafu ya Kanada yenye jani la mti, ambayo ni dhahabu safi kwa 999.9 katika kila 1,000, na ukingo wake ulikuwa umebonyea kwa sababu tu mwenyewe aliiangusha sakafuni. Krugerrand yenu imekaa miaka ndani ya fundo la kanga, nami natarajia kwamba bado kila unywele wa ndevu za yule mzee unaonekana.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba ni halisi, na jambo hilo mnaweza kulifanya mbele ya warithi wote bila kuikwaruza na bila tindikali. Tafuteni mizani ndogo ya kielektroniki inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pimeni sarafu ikiwa kavu, na isome 33.9 na kitu. Kisha wekeni bilauri ya maji juu ya mizani na muirudishe kwenye sifuri. Fungeni sarafu kwa uzi mwembamba, muizamishe ndani ya maji ikiwa inaning'inia mkononi mwenu, isiguse chini wala pembeni, na muondoe viputo vya hewa vilivyoshikamana nayo. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gaweni uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Mkipata takriban 17.5, huo ndio uzito wa dhahabu na shaba ya karati 22 ukilinganishwa na maji. Mkipata 8 au 9, mmeshika shaba iliyopakwa rangi, maana sarafu ya namna hiyo haiwezi kufikia uzito huo isipokuwa iwe nene karibu mara mbili. Krugerrand halisi ina kipenyo kinachokaribia milimita 33 na unene usiofika milimita 3, na ukingo wake una meno pande zote.

Nawaomba jambo moja la mwisho: msiisugue kwa majivu wala kwa dawa ya meno, na msikubali itobolewe iwe kidani. Mnunuzi wa sarafu hulipa zaidi kwa iliyo nzima, na ikishatobolewa huwa ni dhahabu chakavu ya kuyeyusha.

---

Mwalimu wa Historia

Fundi ameeleza vizuri sana, nami nitaongeza upande wa historia, kwa sababu maswali ya mleta mada kuhusu fedha isiyo na thamani na kuhusu marufuku yanajibiwa na jambo moja, yaani sababu iliyofanya sarafu hii itengenezwe.

Yule mzee ni Paul Kruger, aliyekuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal tangu mwaka 1883 hadi vita vya Waingereza na Makaburu vilipomlazimisha kukimbilia Ulaya mwaka 1900. Mwaka 1886, yeye akiwa madarakani, ndipo dhahabu ya Witwatersrand ilipogunduliwa, mahali palipoota mji wa Johannesburg, na kutoka kwenye jina hilo la Witwatersrand ndiko lilikotoka neno randi, fedha ya Afrika Kusini tangu mwaka 1961. Kwa hiyo jina Krugerrand ni Kruger na randi vikiunganishwa.

Picha yenyewe ni ya zamani kuliko sarafu. Ilichongwa na Mjerumani aitwaye Otto Schultz kwa ajili ya sarafu za kwanza za jamhuri ile mwaka 1892, na kisa chake kinastahili kusimuliwa. Schultz aliweka herufi za jina lake, O.S., chini ya kifua cha Kruger, bila kufikiri kwamba katika lugha ya Makaburu neno "os" ni ng'ombe dume aliyehasiwa, yule wa kukokota gari. Watu wakaona rais wao ameitwa ng'ombe hadharani. Tena, kwenye ngao iliyokuwa upande wa pili, gari la kukokotwa lilichorwa na miti miwili ya mbele kama magari ya Ujerumani, ilhali magari ya Makaburu yana mti mmoja. Ghadhabu ilikuwa kubwa, na sarafu zikarekebishwa. Swala wa upande wa pili wa Krugerrand, ambaye ni springbok, ni kazi ya mchongaji Coert Steynberg, na alikwisha kutumika kwenye sarafu ya shilingi tano ya Afrika Kusini mwaka 1947.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Krugerrand ya kwanza ilitengenezwa tarehe 3 Julai 1967. Wakati ule bei rasmi ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa wakia, na Afrika Kusini ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote. Mwaka 1970 ilichimba karibu tani 1,000. Wenye migodi walitaka mnunuzi mpya, mbali na benki kuu za mataifa. Walimtaka mwalimu, daktari, mkulima, mtu mwenye akiba ndogo ambaye hawezi kununua mche wa dhahabu wa kilo kumi na mbili. Lakini katika nchi nyingi raia alikatazwa au alibanwa kumiliki dhahabu ya miche, ilhali sarafu iliyo fedha halali ya nchi fulani iliweza kupita kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu Krugerrand ilipewa hadhi ya fedha halali ya Afrika Kusini.

Tatizo likawa hili: wangeandika tarakimu gani? Kama wangeandika randi 25, ingekuwa uongo siku bei ya dhahabu itakapopanda. Basi wakaacha kuandika kiasi cha fedha, wakaandika uzito. Ni sarafu ya kwanza ya kisasa iliyobeba wakia moja kamili ya dhahabu, na thamani yake kama fedha hufuata bei ya dhahabu ya siku husika. Ukiwa nayo, unachohitaji kujua ni namba moja tu inayotangazwa kila siku. Kwangu mimi huo ndio ubunifu wake mkubwa, kuliko sura ya Kruger na kuliko swala. Waliokuja baadaye waliiga wakia lakini wakarudisha tarakimu: ile ya Kanada ya mwaka 1979 imeandikwa dola 50, ya Marekani ya mwaka 1986 dola 50, na Britannia ya Uingereza ya mwaka 1987 pauni 100. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipa dukani kwa tarakimu hizo, maana dhahabu iliyomo inazidi mno.

Ili mwone jinsi tarakimu inavyoweza kudanganya, nawapa mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walitengeneza sarafu za dhahabu ndani ya karakana ya reli ya Tabora, zikiwa na picha ya tembo na mlima nyuma yake. Ziliandikwa rupia 15, kiasi kilicholingana na mark 20 za Kijerumani. Sarafu ya mark 20 kule Ujerumani ilikuwa na gramu 7.17 za dhahabu safi. Ile ya Tabora ilikuwa na uzito wa gramu 7.17 zote kwa jumla, lakini dhahabu ilikuwa robo tatu tu, yaani kama gramu 5.4. Aliyelipwa kwa sarafu ile alitakiwa kuamini serikali kwa kiasi kilichopungua. Mwenye Krugerrand hatakiwi kuamini chochote zaidi ya mizani ya Fundi.

Kazi iligawanywa, na bado imegawanywa, kati ya kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Rand Refinery kilichopo Germiston, ambacho huandaa vipande vya duara visivyo na picha, na kiwanda cha sarafu cha taifa, kilicho chini ya Benki Kuu ya Afrika Kusini, ambacho huvigonga picha. Mwaka wa kwanza zilitoka sarafu zipatazo 40,000 tu. Mwaka 1970 zikazidi 200,000. Mwishoni mwa mwaka 1974 Wamarekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu, jambo walilokatazwa tangu mwaka 1933, na soko likafunguka kama mto uliovunja kingo: mwaka 1978 zilitengenezwa takriban milioni 6. Mwaka 1980 zikaongezwa ndogo za nusu wakia, robo wakia na moja ya kumi ya wakia, na wakati huo karibu asilimia 90 ya soko la sarafu za dhahabu za akiba lilikuwa la Krugerrand. Ya marehemu, ya mwaka 1981, ni mojawapo kati ya mamilioni yaliyotengenezwa mwaka ule, kwa hiyo msitarajie bei ya kitu adimu. Thamani yake ni dhahabu yake.

Sasa marufuku. Yule mzee wa mtaani hakusema uongo, ila habari yake ni ya wakati uliopita. Krugerrand iliuzwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, tena ilitangazwa kwenye televisheni za Marekani, na wapinzani wa ubaguzi waliona kwamba kila aliyeinunua alikuwa anaingiza fedha za kigeni katika hazina ya Pretoria. Waliandamana mbele ya benki na maduka yaliyoiuza. Septemba 1985, Rais Ronald Reagan, akisukumwa na Bunge lake, alitangaza kuzuia kuingizwa kwa sarafu hiyo Marekani, na zuio likaanza Oktoba mwaka huohuo. Mwezi huohuo wa Oktoba, viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana Nassau, Bahamas, nao wakaitaja Krugerrand kwa jina katika makubaliano yao ya vikwazo. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali zaidi kwa kuipiku kura ya turufu ya Reagan, na nchi za Jumuiya ya Ulaya nazo zikazuia sarafu za dhahabu za Afrika Kusini. Si bahati mbaya kwamba Marekani ilipitisha sheria ya kutengeneza sarafu yake yenyewe Desemba 1985, miezi mitatu baada ya tangazo la Reagan: pengo lilikuwa wazi, nao wakalijaza kwa sarafu ya karati 22 yenye uzito uleule wa gramu 33.93.

Marekani iliondoa zuio hilo Julai 1991, baada ya kufunguliwa kwa Nelson Mandela na kuvunjwa kwa sheria kuu za ubaguzi. Hata wakati wa marufuku, kilichokatazwa Marekani kilikuwa kuziingiza sarafu mpya nchini. Aliyekuwa nayo nyumbani hakunyang'anywa. Mjomba wenu alikwenda Durban mwaka 1995, nchi ikiwa imeshakuwa ya watu wote, na hakuna vikwazo vya aina hiyo vilivyobaki juu ya sarafu yake. Risiti ya ununuzi, kama ipo ndani ya lile sanduku la bati, ihifadhini pamoja na hati za mirathi, maana mnunuzi mwangalifu ataiulizia.

---

Mjukuu wa Rungwe

Nawashukuru Fundi na Mwalimu. Naomba kuongeza yale ambayo mimi huyafikiria ninapoiona sarafu hii, kwa sababu babu yangu mzaa baba alikwenda kuichimba dhahabu hiyo.

Kwetu Rungwe, neno Wenela linajulikana kwa kila mzee. Lilikuwa shirika la kuandika vibarua wa migodi ya Witwatersrand, na vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kwa mkataba wake katika miaka ya 1950. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilikataa watu wake wasiendelee kuandikwa kazi kwa Makaburu, na babu akawa miongoni mwa waliorudi na kubaki. Alirejea na blanketi, baiskeli, na kikohozi kisichoisha. Alituambia kwamba chini kule joto la mwamba lilikuwa linakuchoma ukiuegemea, na kwamba hakuwahi kushika dhahabu hata siku moja. Alichoshika ni jiwe la kijivu lenye vikokoto vyeupe, na humo dhahabu huwezi kuiona kwa macho.

Maneno ya babu kuhusu jiwe ni kweli tupu. Mwamba wa Witwatersrand una gramu chache sana za dhahabu katika tani nzima, kwa hiyo wakia moja ya sarafu hutoka kwenye tani kadhaa za mawe yaliyovunjwa na kupandishwa juu. Krugerrand ilipoanza kutamba, karibu mwaka 1970, mshahara wa mchimbaji mzungu ulikuwa takriban mara 20 ya ule wa mchimbaji mweusi. Mwezi wa Septemba 1986, wakati Ulaya inajadili kuzuia sarafu hiyo, moto ulizuka ndani ya mgodi wa Kinross na watu 177 wakafa kwa moshi. Na ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mwamba ulikuja kufikishwa mahakamani: mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mpango wa kampuni za dhahabu kuwalipa fidia wachimbaji waliofanya kazi tangu Machi 1965, pamoja na familia zao. Babu yangu alitoka kabla ya tarehe hiyo, kwa hiyo hakuhusika.

Simwambii mleta mada aichukie sarafu ya mjomba wake. Yeye aliinunua kwa jasho lake la bandarini. Ninachotaka ni kwamba ikitajwa historia ya Krugerrand, watajwe Kruger, Schultz, Reagan na wengine wote, na watajwe pia walioshuka chini ya ardhi.

---

Mwalimu wa Historia

Ndugu Mjukuu wa Rungwe, umenisahihisha kwa haki, nami nakubali. Niliandika habari ya wenye migodi na wanunuzi nikawaruka wachimbaji. Ningependa tu kuongeza kwamba chama cha wachimbaji kilichoanzishwa mwaka 1982, ambacho katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Cyril Ramaphosa, kiliongoza mgomo mkubwa wa mwaka 1987 uliochukua karibu majuma matatu, yaani katika miaka ileile sarafu ilipokuwa imezuiliwa nje. Dhahabu ya Makaburu ilibanwa sokoni na ikabanwa shimoni.

---

Binti wa Pangani (mleta mada)

Wanajamvi, nimerudi na majibu, na Mungu awalipe mema.

Jana baada ya swala ya alasiri tulikusanyika sebuleni kwa mama, warithi wote wanne na shehe. Binamu yangu aliazima mizani kwa rafiki yake anayeuza vipuri vya saa. Sarafu ikiwa kavu ilisoma gramu 33.94. Kisha tukaweka bilauri ya maji, tukarudisha sifuri, na mama akaishusha mwenyewe kwa uzi wa kushonea, mkono ukimtetemeka kidogo. Mara ya kwanza ilisoma 2.11, shehe akakunja uso, lakini tukaona viputo viwili vimeng'ang'ania chini ya kidevu cha Kruger. Tulipoipandisha na kuishusha tena taratibu, mizani ilitulia kwenye 1.94. Binamu akapiga hesabu kwenye simu: 17.49. Fundi, siwezi kueleza furaha iliyokuwa ndani ya chumba kile.

Shehe ameiandika kwenye orodha ya mirathi kuwa ni wakia moja kamili ya dhahabu safi, gramu 31.1, bila kutaja shilingi. Amesema thamani ya fedha itajazwa siku ya kuuza, kwa bei ya siku hiyo. Aliongeza kwamba peke yake haifikii gramu 85 za nisabu, yaani kiwango cha chini cha dhahabu kinachodaiwa zaka, hivyo marehemu hakudaiwa zaka kwa ajili yake, na mama akashusha pumzi, kwani jambo hilo lilikuwa likimsumbua bila kutuambia. Risiti nayo tumeipata, imekunjwa ndani ya pasipoti ya pili, ya mwaka 2003.

Ndugu Mjukuu wa Rungwe, nimemsomea mama maandishi yako yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nikuulize jina la babu yako, ili amtaje kwenye dua ya mjomba Ijumaa hii. Kama huna kizuizi, niandikie faraghani.

---

Mjukuu wa Rungwe

Dada, nimekuandikia. Mwambie mama nashukuru sana.